Matufe ya Moto ya Kijani: Upelelezi wa Jeshi katika New Mexico, 1948–1951

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu walinijia muhula huu na swali zuri. Walitaka kujua hivi: mtu akiona kitu cha moto kikipita angani usiku, naye yu peke yake, atajuaje kiko mbali kiasi gani? Nikawajibu kwa ufupi ya kuwa hawezi kujua. Hawakuridhika na jibu hilo, wala mimi sikutaka waridhike nalo. Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu nilieleze kwa urefu, nami naona njia iliyo bora ni kuwapa habari moja ya kweli, ya jeshi la anga la Marekani lililohangaika na swali hili hili kwa muda wa miaka mitatu.

Mahali penyewe ni New Mexico, jimbo lililo kusini-magharibi mwa Marekani. Ni jimbo la majangwa na milima, hewa yake kavu, na nyota huonekana vizuri sana. Kwa ajili ya upweke ule, serikali ya Marekani iliweka huko mambo yake ya siri. Los Alamos ndipo lilipobuniwa bomu la atomiki, na katika jangwa la jimbo lilo hilo likajaribiwa mara ya kwanza tarehe 16 Julai 1945. Karibu na mji wa Albuquerque palikuwa na uwanja wa ndege za kijeshi wa Kirtland pamoja na kituo cha Sandia kilichoshughulika na mabomu hayo. White Sands ndiko yalikorushwa makombora ya V-2 yaliyotekwa kwa Wajerumani. Msomaji akumbuke pia hali ya dunia mwaka 1948. Warusi walikuwa wamezifunga njia za kuingia Berlin tangu mwezi wa Juni, na kila upande ulikuwa ukimtazama mwenzake kwa jicho la shaka. Mahali kama hapo, katika mwaka kama huo, moto usiojulikana ukipita juu ya ghala za mabomu, hakuna ofisa ambaye angejifunika blanketi akalala.

Usiku wa tarehe 5 Desemba 1948, saa tatu na dakika 27, ndege ya jeshi aina ya C-47 ilikuwa juu kiasi cha futi 18,000, maili 10 mashariki ya Albuquerque. Rubani na wenzake wakaona tufe kubwa la moto, rangi yake ya kijani, au chanikiwiti kama wasemavyo wazee wa pwani. Watu hawa walikwisha kuona vimondo vingi katika safari zao, nao wakasema hiki si kimojawapo. Kilikuwa kikubwa mno, tena hakikushuka kama vimondo vishukavyo. Kilionekana kupanda kidogo, kisha kikaenda sawasawa. Walikuwa wameona kingine kama hicho dakika 22 kabla yake, wakanyamaza. Mara hii wakaona heri wapeleke habari kwa simu ya upepo.

Dakika chache baadaye, saa tatu na dakika 35, rubani wa ndege ya abiria ya kampuni ya Pioneer alikuwa karibu na Las Vegas, mji mdogo wa New Mexico (si ule mashuhuri wa jimbo la Nevada). Akaona tufe likimjia usoni. Kwanza lilikuwa jekundu la kimanjano, kisha likawa kijani, likazidi kukua hata akadhani litamgonga. Akaigeuza ndege yake kwa ghafula. Papo hapo tufe likaonekana kuanguka kuelekea chini, likififia mpaka likatoweka. Nawaomba wasomaji wakiweke akilini kitendo cha rubani huyu, maana tutakirudia.

Maofisa wa upelelezi wa Kirtland walidhani kwanza ya kuwa ni fataki za mwanga ambazo askari huzirusha wakati wa mazoezi. Wawili kati yao wakapanda ndege usiku wa tarehe 8 Desemba wakachunguze wenyewe, na wao pia wakaliona tufe la kijani. Waliporudi hawakuzungumza tena habari za fataki. Wakaenda kumtafuta mtu mwenye elimu.

Mtu huyo alikuwa Profesa Lincoln LaPaz, mkuu wa idara ya elimu ya vimondo katika Chuo Kikuu cha New Mexico. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Tarehe 18 Februari mwaka huo huo kimondo kikubwa kilipasuka mchana kwa kishindo juu ya mpaka wa majimbo ya Kansas na Nebraska. Watu wakaulizwa walisimama wapi, walitazama upande gani, kilizimika nyuma ya mti upi au paa la nani. Mistari ikachorwa juu ya ramani, na mawe yakatafutwa mahali mistari ilipoelekeza. Yakapatikana. Lililo kubwa kupita yote lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,000, limezama katika udongo wa shamba, na hata leo laonyeshwa Albuquerque. Basi profesa alipoanza kuwahoji watu waliyoyaona matufe ya kijani, alikuwa akiifanya kazi aliyoijua.

Tarehe 12 Desemba akaliona moja kwa macho yake, na walinzi wa Los Alamos wakaliona pia kutoka kwao. Akalinganisha habari zake na zao, akapata ya kuwa tufe lilipita karibu sawasawa na ardhi, kwa kimo cha maili 8 hadi 10 tu, yaani kilomita 13 hadi 16. Jambo hili lilimshtua. Kwa nini lilimshtua? Hapa yatupasa tuiache New Mexico kidogo, turudi darasani.

Kimondo ni jiwe au chuma, mara nyingi kidogo kama chembe ya mchanga, kinachoingia katika hewa ya dunia kwa mwendo wa kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde. Kwa mwendo huo hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha. Hushindiliwa, ikapata joto kali sana, na jiwe likayeyuka na kutoa mwanga. Mwanga huu huanza kwa kawaida kwenye kimo cha karibu kilomita 100. Vimondo vidogo huisha huko huko juu. Kilicho kikubwa huendelea kushuka, lakini hewa nzito ya chini hukipunguza mwendo, nacho mara nyingi huzimika kabla ya kufika kilomita 20. Kipande kinachobaki huanguka gizani kama jiwe lolote lililotupwa. Kwa hiyo kitu kinachong'aa kwa nguvu kwenye kilomita 13, tena kikienda sawasawa na ardhi bila kushuka, ni kitu cha ajabu kweli.

LaPaz alikuwa na sababu nyingine pia. Matufe yale hayakutoa sauti. Hayakuacha nyuma yake mkia wa moshi au vumbi, ambao vimondo vikubwa huuacha. Rangi yake ya kijani ilikuwa kali kupita aliyoizoea. Na mawe hayakupatikana. Tarehe 30 Januari 1949 tufe kubwa lilionekana na watu wengi wa New Mexico na Texas. Profesa akawahoji mmoja mmoja, akachora mistari yake, akaenda mpaka Texas kutafuta. Hakupata hata chembe. Mtu aliyeokota mawe ya Kansas na Nebraska kwa njia iyo hiyo, alirudi mikono mitupu. Akawaambia wanajeshi waziwazi ya kuwa haamini kwamba hivi ni vimondo vya kawaida.

Sasa chukueni penseli. Inueni kidole gumba mbele ya uso, mkono umenyooka, mfumbe jicho la kushoto, kisha la kulia. Kidole chaonekana kuruka kutoka upande mmoja wa ubao mpaka mwingine. Macho mawili, yaliyoachana kwa sentimita sita tu, yatosha kutuambia kidole kiko karibu na ubao uko mbali. Kwa kitu kilicho mamia ya mita mbali, macho yetu mawili ni sawa na jicho moja. Yanatuambia upande, wala hayatuambii umbali.

Tuseme mtu ameona mwanga ukikata digrii 30 za anga kwa sekunde mbili. Kama mwanga ulikuwa mbali naye kwa kilomita moja, umekwenda mita 520 hivi, yaani mita 260 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa ndege ya jeti. Kama ulikuwa mbali kwa kilomita 100, umekwenda kilomita 52, yaani kilomita 26 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kimondo. Kilichoonekana ni kile kile, tena mtazamaji ni mkweli. Akisema "niliona ndege ikiwaka," hakusema uongo. Ametia umbali kutoka kichwani mwake, kwa kuwa jicho halikumpa.

Yule rubani wa Pioneer sasa anaeleweka. Kitu kinachomjia mtu usoni hakionekani kusogea upande. Huonekana kukua tu. Naona kuwa tufe lake laweza kuwa lilikuwa mbali naye kwa makumi ya kilomita, naye akageuza ndege kukwepa kitu kisichoweza kumgusa. Simcheki. Mwenye abiria nyuma yake afadhali akwepe mara kumi bure. Tena kimondo kinachokuja upande wetu huonekana kama kinapanda, ijapokuwa kwa kweli chashuka, kama vile ndege inayotoka mbali kuja juu ya shule yetu inavyoonekana kupanda kutoka kwenye upeo wa macho. Hata lile la C-47, lililopanda kidogo kisha likaenda sawasawa, laweza kuelezwa hivyo.

Lakini, mtasema, profesa hakutumia jicho moja. Alikuwa na watazamaji wa pande mbili. Ni kweli, na hii ndiyo njia ya haki: mstari kutoka kwa mtazamaji wa kwanza na mstari kutoka kwa wa pili hukutana mahali kitu kilipo. Taabu iko katika pembe. Ngumi ya mkono ulionyooshwa huziba kiasi cha digrii 10 za anga. Tuseme tufe limezimika juu ya mahali palipo kilomita 100 kutoka kwa mtazamaji, naye akakadiria lilikuwa digrii 9 juu ya upeo wa macho. Hesabu itatupa kimo cha kilomita 16. Sasa tuseme amekosea kwa ngumi moja tu, na kwa kweli lilikuwa digrii 19. Kimo kitakuwa kilomita 34, yaani mahali ambapo kimondo kikubwa hung'aa bila kumshangaza mtu. Ngumi moja, katika giza, kwa kitu kilichodumu sekunde mbili, na mwenye kuulizwa hakuwa akikitazamia! Nimewajaribu wanafunzi wangu uwanjani kwa mnazi uliosimama tuli mchana kweupe, na wengi walikosea zaidi ya hapo.

Tazameni pia jinsi hoja zile zinavyoshikana. Tufe la kilomita 13, lingekuwa jiwe, lingetikisa madirisha. Lile lililo juu sana laweza kupita kimya. Kwa hiyo ukimya ulikuwa wa ajabu ikiwa tu tufe lilikuwa chini. Hata kukosekana kwa mawe kulikuwa kwa ajabu zaidi kwa sababu hiyo hiyo, maana kitu kilichofika chini namna ile chapaswa kuacha kitu. Hoja tatu zilining'inia kwenye msumari mmoja, nao msumari ni kimo.

Kuhusu sauti nitaongeza neno, kwa kuwa lina faida kwenu. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Kutoka kilomita 100 yahitaji karibu dakika tano. Huko Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, kimondo kikubwa kilimulika asubuhi kama jua. Watu wakakimbilia madirishani watazame. Walikuwa wamesimama hapo, kimya kimeshatanda, ndipo wimbi la mshindo likafika na kuvunja vioo; zaidi ya watu 1,000 waliumia, wengi kwa vipande vya vioo. Majirani zetu wa Mbale, Uganda, nao walisikia ngurumo tarehe 14 Agosti 1992, kisha mawe yakaanguka juu ya mji na mashamba. Jiwe dogo la gramu chache lilimpiga kijana kichwani baada ya kupunguzwa nguvu na majani ya mgomba, wala hakuumia. Mkiona mwanga mkubwa wa namna hiyo, kaeni mbali na vioo na mhesabu sekunde.

Turudi New Mexico. Tarehe 16 Februari 1949 wataalamu walikutana Los Alamos, LaPaz akiwa mmojawapo, pamoja na Edward Teller, mtaalamu mashuhuri wa mabomu. Teller akasema ya kuwa kitu kisicho na sauti kwa mwendo kama ule labda si kitu kigumu kabisa, bali ni mwanga fulani wa angani. Wengine wakashikilia vimondo. Hawakupatana, na wasingeweza kupatana, maana kila mmoja alikuwa akifasiri maneno ya watazamaji wale wale. Ofisa mmoja angesema Warusi, na nani angemkanusha? Mwezi wa Agosti mwaka huo Warusi walilipua bomu lao la kwanza la atomiki, na hofu ikazidi.

Hatimaye jeshi likaamua kufanya lililopasa kufanywa mapema: kuacha macho na kutumia vyombo. Mwaka 1950 ukaanzishwa mradi ulioitwa Twinkle, jina lenye maana ya kumetameta kwa nyota. Kamera za filamu zinazoandika pembe pamoja na saa juu ya kila picha zingewekwa mbalimbali, zikeshe usiku na mchana. Tufe likipita mbele ya kamera mbili kwa wakati mmoja, kimo chake na mwendo wake vingejulikana kwa hesabu ya saa moja, na mabishano yangekwisha. Shauri lilikuwa jema. Utekelezaji ulikuwa wa kusikitisha. Vituo vilivyopangwa havikutimia. Palikuwa na kimoja, baadaye viwili, huko Vaughn na Holloman. Jimbo lile ni kubwa kiasi cha theluthi moja ya Tanzania. Ni kama kuweka mitego miwili ya panya katika wilaya nzima. Tena mwezi wa Juni 1950 vita vya Korea vilianza, na jeshi likawa na haja nyingine za watu na vyombo.

Ripoti ya mwisho, iliyoandikwa na Louis Elterman mwezi wa Novemba 1951, yasema ya kuwa picha fulani zilipigwa tarehe 27 Aprili na 24 Mei 1950, lakini kamera mbili hazikukiona kitu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna lililojulikana. Baadaye hata picha za namna hiyo hazikupatikana. Ripoti ikaona ya kuwa yaelekea matufe ni mambo ya asili, ikashauri fedha zaidi zisitumike. LaPaz hakukubali.

Mimi nina maoni gani? Nadhani yalikuwa vimondo, na rangi haiharibu hoja hiyo. Wakati ule ilisemwa ya kuwa kijani kile kilitokana na shaba, nayo shaba ni haba katika vimondo. Chembe za shaba zilionekana hata katika vumbi lililokusanywa hewani, lakini nchi ile ina machimbo ya shaba, na vumbi la machimbo laweza kufika popote. Magnesi, ambayo imejaa tele katika mawe ya vimondo, nayo hutoa mwanga wa kijani inapopata joto kali. Hata hivyo namheshimu profesa kuliko ripoti. Yeye alisema neno lake na sababu zake, zikapimika. Ripoti ilikosa kipimo, kisha ikafunga faili. Kutokuona kitu kwa kamera mbili hakuthibitishi chochote kuhusu kitu hicho.

Kwamba njia ya kamera mbili ni njema ilionekana miaka minane baadaye, wala si kwa wanajeshi. Tarehe 7 Aprili 1959 kimondo kikubwa kilipita juu ya Czechoslovakia. Wanaelimu wa nyota wa huko, Zdeněk Ceplecha akiwaongoza, walikuwa na kamera za kawaida katika vituo viwili, zilizowekwa kila usiku kupiga picha vimondo. Zote mbili zikakipata. Wakapiga hesabu ya njia yake, wakaonyesha mahali pa kutafuta, na karibu na mji wa Příbram yakapatikana mawe manne. Kwa mara ya kwanza duniani, jiwe lililoshikwa mkononi lilijulikana kwa picha lilitoka upande gani wa mbingu, na lilikuwa likizunguka jua kwa njia gani kabla ya kutufikia.

Hesabu ya Kidato cha Tatu na cha Nne ni hii. Mtazamaji A yuko magharibi, na B yuko kilomita 60 mashariki yake. Tufe limezimika juu ya mstari AB, kati yao. A alilipima digrii 50 juu ya upeo wa macho, B digrii 35. Tafuteni kimo chake, na sauti itamfikia A baada ya sekunde ngapi. Kisha mfanye tena mkidhani B amekosea kwa ngumi moja, iwe digrii 45. Wasiofika kwenye trigonometria wachore kwa kipimo cha sentimita moja kwa kilomita tano. Madaftari yaletwe chumba cha fizikia wiki ya kwanza ya muhula ujao.